Dola isiyo na maandishi, shilingi yenye ngazi: makosa ya ubavu wa sarafu na majina yake

*Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko Tanga, nakusanya sarafu tangu nikiwa sekondari. Nina tatu zinazonisumbua. Ya kwanza ni dola moja ya Marekani yenye picha ya George Washington. Niliambiwa pembeni yake panatakiwa kuwa na maandishi, lakini yangu ni laini kabisa. Ya pili ni shilingi moja ya Kenya ya wakati wa Mzee Kenyatta. Ukiitazama kwa pembeni, nusu ya unene wake ina meno na nusu haina, katikati kuna kama ngazi inayoizunguka. Ya tatu ni pauni mbili ya Uingereza ya mwaka 2007. Ukiweka Malkia juu, maandishi ya pembeni yanasomeka kichwa chini. Wauzaji mitandaoni kila mmoja ana jina lake, na wengi wanaandika tu 'kosa la ukingo'. Nikitaka kuziorodhesha kwa usahihi, niziite nini?"*

Marahaba. Nakujibu moja kwa moja, kisha nieleze. Pauni mbili haina kosa lolote. Shilingi ya Kenya, kwa jinsi ulivyoieleza, ina kosa la kola nusu. Dola inaweza kuwa na kosa linaloitwa ubavu bila maandishi, ila usiandike hivyo daftarini mpaka uipime. Na hilo "kosa la ukingo" wanaloandika wauzaji si jina la kosa lolote kati ya hayo.

Jina la kosa la sarafu hutokana na hatua ya kiwandani ambapo kosa lilitokea. Anayetaja tu mahali kosa lilipo, "pembeni", hajasema kitu, maana pembeni pa sarafu hupita mikononi mwa mashine tatu tofauti na kila moja hukosea kwa namna yake. Kwa hiyo ukishika sarafu ya ajabu, usianze kutafuta jina. Jiulize kwanza: hii iliharibikia wapi? Ukilijibu hilo, jina linakuja lenyewe.

Tukubaliane kwanza kuhusu maneno manne. Ukingo ni ule mstari ulioinuka unaozunguka uso wa sarafu, unaouona sarafu ikiwa imelala mezani. Ubavu ni upande wa tatu, ule unaoviringika chini sarafu ikisimama. Watu wengi huviita vyote viwili ukingo, na hapo ndipo mkanganyiko wa wauzaji unapoanzia. Kisahani ni kipande cha madini cha mviringo kabla hakijachapwa kitu. Kola ni pete ya chuma kigumu inayokizunguka kisahani wakati mihuri miwili, wa juu na wa chini, inapokibana. Kola ndiyo huzuia madini yasitawanyike, na kama ndani yake imechongwa mifereji, sarafu hutoka na meno ubavuni.

Hatua zenyewe ni hizi. Kisahani hukatwa kutoka kwenye bamba refu la madini. Kisha hupitishwa kwenye mashine inayokibana kwa pembeni ili ukingo uanze kuinuka. Kisha hugongwa ndani ya kola. Sarafu zenye maandishi yaliyozama ubavuni zina hatua ya ziada, na hii kwa baadhi ya viwanda huja kabla ya kugongwa, kwa vingine baada yake. Tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayotatua maswali yako mawili.

Kabla ya hapo, acha niseme kwa nini viwanda vinajisumbua na ubavu. Zamani sarafu ya fedha ilikuwa na thamani ya madini yake, na wajanja walikuwa wakipunguza kipande kidogo pembeni, wanaitumia sarafu kwa bei ileile na kuyeyusha walichokata. Ubavu ukiwa na meno au maandishi, mkato unaonekana mara moja. Uingereza ilipoanza rasmi kutoa sarafu za mashine mwaka 1662, Mfaransa Peter Blondeau ndiye aliyekuwa na ufundi wa kuchapa ubavu, na sarafu kubwa za fedha ziliandikwa DECUS ET TUTAMEN, yaani pambo na kinga. Maneno hayohayo yalirudi kwenye pauni moja ya mwaka 1983.

Wewe wa Tanga una mfano wa karibu zaidi. Reale ya Sham, ile fedha kubwa yenye picha ya Maria Theresa wa Austria iliyozunguka Unguja, Oman na mwambao wote wa Bahari ya Shamu, ina mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mia moja baadaye. Ubavuni ina maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Ukiipata sokoni, uitazame ubavu kabla ya kutazama uso. Ubavu ulio laini kabisa kwenye reale ya Sham ni sababu tosha ya kuitilia shaka, maana kuiga uso ni kazi rahisi kuliko kuiga maandishi ya pembeni.

Sasa dola yako.

Dola za marais wa Marekani zilianza kutolewa tarehe 15 Februari 2007, ya kwanza ikiwa hiyo ya Washington. Waliobuni sarafu hiyo walitaka uso wake uwe na nafasi, wakahamishia ubavuni mambo manne: mwaka, herufi ya kiwanda, E PLURIBUS UNUM (kutoka wengi, mmoja), na IN GOD WE TRUST (tunamtumaini Mungu). Sarafu iligongwa kwanza kwenye kola isiyo na meno, ikatoka na ubavu laini, kisha ikapelekwa kwenye mashine nyingine iliyochapa maandishi kwa kuyazamisha. Hatua mbili, mashine mbili, na kati yake sarafu husafirishwa kwa makontena. Ikitokea kontena likaruka mashine ya pili na kwenda moja kwa moja kwenye kufungashwa, unapata maelfu ya sarafu zenye ubavu mtupu. Ndivyo ilivyokuwa. Wiki chache baada ya uzinduzi watu walianza kuziona mikononi, na magazeti ya Marekani yakaziita dola zisizo na Mungu kwa sababu ya yale maneno yaliyokosekana. Idadi yake hukadiriwa kuwa makumi ya maelfu, kwa hiyo ni kosa maarufu kuliko kuwa adimu. Mwaka 2009 IN GOD WE TRUST ilirudishwa usoni kwa sheria, lakini mwaka na herufi ya kiwanda vilibaki ubavuni.

Hapo kuna jambo la kuvutia kwa mwenye daftari kama wewe. Dola ya Washington yenye kosa hili haina mwaka popote, wala herufi ya kuonyesha kama ilitoka Philadelphia au Denver. Ukiiorodhesha, usiandike "2007-P" kwa sababu tu umesoma kwamba nyingi zilitoka Philadelphia. Sarafu yenyewe haikuambii hivyo. Andika mwaka wa toleo, na sehemu ya kiwanda uiache tupu.

Jamaa zake wana majina yao. Sarafu ikipita mara mbili kwenye mashine ya maandishi, inaitwa maandishi maradufu, na dola ya John Adams, iliyofuata ile ya Washington mwaka huohuo, ndiyo inayojulikana zaidi kwa hilo. Wataalamu wanagawa tena: kama safari zote mbili sarafu iliingia ikiwa imelala upande uleule, mistari miwili inasomeka kwa mwelekeo mmoja na tunasema maradufu ya kupandana. Kama iligeuka kati ya safari ya kwanza na ya pili, mstari mmoja umesimama na mwingine uko kichwa chini, hiyo ni maradufu ya kupinduka. Maandishi yakianza halafu yakakatika, ni maandishi pungufu. Yakiwepo yote lakini kwa kina kidogo mno, ni maandishi hafifu, na hili la mwisho halina uzito mkubwa sokoni. Mimi binafsi silinunui, kwa sababu mpaka kati ya hafifu ya kiwandani na hafifu ya kuchakaa ni mwembamba sana.

Rudi kwenye yako. Maandishi ya dola hii yamezama, hayakuinuka. Mtu anayetaka kuyafuta hana budi kukwangua ubavu mzima mpaka afikie kina cha herufi, na akifanya hivyo sarafu inapungua upana. Dola nzima ina upana wa milimita 26.5 na uzito wa gramu 8.1. Tafuta kipimo cha sonara na kile chombo cha fundi cha kupimia upana, kile chenye mataya mawili, uipime mahali kadhaa kwa kuizungusha. Ikiwa imepungua upana au uzito, kuna mtu ameishughulikia kwa faili, ile tupa ya kusugulia chuma. Tazama pia kwa kioo cha kukuzia: faili huacha mikwaruzo, na huondoa ile kona safi ambapo ukingo unakutana na ubavu. Ubavu wa kweli uliotoka kwenye kola ni mwororo na kona yake haijalainishwa. Dola hii ina kiini cha shaba katikati ya matabaka mawili ya rangi ya dhahabu, kwa hiyo mstari wa shaba unaouona ubavuni ni wa kawaida. Usikutishe, na usikubali mtu aukuuzie kama kosa.

Kuna mtego mmoja zaidi, ingawa wewe umeukwepa. Dola zenye rangi hiyohiyo na picha ya Sacagawea akiwa amebeba mtoto, za mwaka 2000 mpaka 2008, zina ubavu laini kwa kawaida yake. Hazikupangiwa maandishi. Mitandaoni zinauzwa kila siku kama "dola isiyo na maandishi", na waathirika wakubwa ni sisi tulio mbali, tusio na sarafu nyingine ya kulinganisha.

Pauni mbili ni hadithi tofauti. Kiwanda cha Uingereza huchapa maandishi ya ubavuni kwenye kisahani kabla hakijagongwa. Kisahani chenye maandishi huanguka kwenye mashine ya kugonga kikiwa kimelala upande wowote, na mashine haijali. Kwa hiyo takriban nusu ya sarafu zote zinasomeka wima ukiweka Malkia juu na nusu nyingine kichwa chini. Hata dola za Marekani zina tabia hiyo, ingawa kwao maandishi huja baada ya kugongwa. Kampuni za kuthibitisha sarafu za huko hutaja hali hizo mbili kama mkao A na mkao B. Ni mkao. Mtu akikutoza bei ya kosa kwa ajili ya mkao, ondoka.

Lakini usiiuze hiyo pauni mbili. Kama ni ile yenye 1807 ambamo sifuri ni pete ya mnyororo uliokatika, basi ilitolewa kukumbuka miaka 200 tangu bunge la Uingereza lipige marufuku biashara ya watumwa, na ubavuni imeandikwa AM I NOT A MAN AND A BROTHER: je, mimi si mtu, si ndugu? Ni maneno ya wapinga utumwa wa Uingereza, yaliyosambazwa na Josiah Wedgwood kwenye medali ndogo za udongo wa kuchoma kuanzia 1787. Sheria ile ya 1807 haikufika kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, chini ya Sultani Barghash, miaka 66 baadaye. Sijui sarafu nyingine ya matumizi ya kila siku ambayo ubavu wake unatuhusu watu wa pwani kiasi hicho.

Ukiwa unatazama pauni mbili, utakutana na wanaouza ile ya 2005 ya kumbukumbu ya njama ya baruti, yaani jaribio la kulipua bunge la Uingereza mwaka 1605, wakidai imeandikwa PEMEMBER badala ya REMEMBER. Hakuna aliyekosea tahajia kiwandani. Mguu wa herufi R haukutoka vizuri, basi ikasomeka P. Hiyo ni herufi pungufu, tukio dogo la maandishi hafifu, na bei wanazotaja haziendani na udogo wake.

Sasa shilingi ya Mzee Kenyatta, ambayo kwangu ndiyo yenye thamani ya kujifunzia kuliko zote tatu, maana ilitokea kwenye pigo lenyewe.

Kola imekaa juu ya springi, ikiuzunguka muhuri wa chini. Kabla ya pigo inatakiwa ipande na kukizunguka kisahani chote. Ikinasa kwa uchafu au kipande cha madini, inabaki chini, labda imekifunika kisahani nusu tu ya unene wake. Muhuri wa juu ukishuka, madini yaliyo ndani ya kola yanabanwa na kupata meno kama kawaida. Yaliyo juu ya kola hayana kinachoyazuia, yanasambaa nje na kubaki laini. Matokeo ni sarafu yenye upana wa aina mbili na ngazi katikati, umbo la gurudumu la treni kabisa, na Wamarekani wengi huiita kwa jina linalotokana na gurudumu hilo. Sisi tuseme kola nusu, kwa sababu inataja kilichotokea.

Zungusha sarafu taratibu utazame ngazi. Ikiwa iko kimo kimoja kuzunguka sarafu nzima, kola ilinasa ikiwa sawa. Ikiwa inapanda upande mmoja na kutoweka upande wa pili, kola ilinasa ikiwa imeinama, na hapo unaongeza neno: kola nusu ya kuinama. Kisha ipime uzito pamoja na shilingi nyingine ya aina hiyohiyo. Inatakiwa zikaribiane sana, kwa kuwa kola nusu haipunguzi madini, huyahamisha tu. Ilinganishe pia upana: ile sehemu yenye meno iwe sawa na shilingi ya kawaida, na sehemu laini iizidi. Ikiwa sehemu laini ndiyo nyembamba zaidi, basi kuna mtu alikwangua meno.

Kola isipopanda kabisa, madini yote husambaa na sarafu hutoka pana, ubavu ukiwa laini pande zote, lakini picha na maandishi ya usoni yakiwa kamili. Hiyo ni pigo bila kola. Watu huichanganya na pigo nje ya kitovu, ambapo kisahani hakikukaa katikati ya mihuri na sehemu ya picha ikakosekana, ikabaki hilali ya madini matupu. Zote mbili hazikushikwa na kola. Kipimo cha haraka ni hiki: picha ikiwa nzima, ni pigo bila kola, ikiwa imekatwa, ni pigo nje ya kitovu. La pili huuzwa ghali zaidi kadiri picha inavyozidi kukosekana, mradi mwaka uonekane.

Kola inaweza pia kupasuka. Madini huingia kwenye ufa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka unaokatiza ubavu kutoka uso mmoja hadi mwingine. Huo ni ufa wa kola. Ukikuta mstari wa namna hiyo umezama badala ya kuinuka, usiuite hivyo, ni mkwaruzo.

Na ukiona ukingo wa sarafu mpya umeinuka kama wembe mwembamba, ni madini yaliyopenya kati ya kola na muhuri kwa sababu pigo lilikuwa na nguvu kupita kiasi. Mimi nauita unyuzi wa ukingo. Unatokea mara nyingi, unachakaa upesi, na haulipi.

Kosa moja la kabla ya pigo nalitaja kwa sababu lina ushahidi mzuri. Bamba lisiposogea vya kutosha, mkato wa kisahani kipya huangukia kwenye tundu la kile cha kwanza na kisahani hutoka kimepungua upande mmoja. Hicho ni kisahani kilichong'atwa. Mtu anaweza kuiga kwa faili, lakini kuna alama asiyoweza kuiga kirahisi. Kwenye mashine ya kuinua ukingo, kisahani hubanwa pande mbili zinazotazamana. Pale palipong'atwa hapana cha kubana, kwa hiyo na upande wa pili, mkabala kabisa, haubanwi sawasawa. Ndiyo maana sarafu ya kweli yenye mng'ato mara nyingi huwa na ukingo dhaifu upande ulio mkabala na mng'ato. Ukiletewa sarafu iliyong'atwa, tazama kwanza upande usiong'atwa.

Vilivyotokea nje ya kiwanda vyote ni uharibifu, hata vikipendeza. Sarafu iliyogongwagongwa pembeni ili iwe pete ina ukingo mnene uliojikunja kwa ndani na mara nyingi upana uliopungua. Iliyozunguka muda mrefu ndani ya mashine ya kukausha nguo ina dalili zizo hizo, na hutangazwa kila mara kama kosa la kiwanda. Kiwandani kola hailetei sarafu mkunjo wa kuingia ndani.

Kwenye daftari lako andika hivi. "Kenya, shilingi 1, Kenyatta", kisha mwaka, kisha "kola nusu", ukiongeza "ya kuinama" kama ngazi haiko kimo kimoja, na ueleze ngazi iko karibu na uso upi. Pauni mbili: "Uingereza, pauni 2, 2007", na kwenye safu ya makosa weka kistari. Kila sarafu uipige picha tatu, uso, mgongo na ubavu. Ya ubavu piga sarafu ikiwa imesimama, mwanga ukitoka upande mmoja ili ngazi na meno vitupe kivuli. Mnunuzi anayejua kazi yake ataiomba hiyo ya tatu kabla ya zile mbili. Mstari wa dola uuache wazi mpaka upate ule upana wa milimita 26.5 kwenye kipimo.